Miaka uliyofundisha Mbeya ihesabiwe kwenye mshahara wa shule ya umma Marekani: mwongozo kamili

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyefundisha Nyanda za Juu Kusini na sasa amepata kazi, au yuko kwenye usaili, katika shule ya umma Marekani. Mambo ya viza sigusi. Nazungumzia jambo moja: miaka yako ya chaki huku isipotee kwenye mshahara wa kule.

Malalamiko ninayoyapokea ni yale yale. "Nimefundisha miaka tisa, wameniandika kama mwalimu mpya." Ukiomba kuona barua ambayo mwalimu huyo alituma kule, unakuta imeandikwa hivi: "Mwalimu tajwa hapo juu alikuwa mtumishi wa halmashauri hii kwa muda mrefu, mwenye nidhamu na mchapakazi." Ni sifa nzuri kweli, lakini karani wa mishahara kule hana kisanduku cha kuandika nidhamu. Anacho cha tarehe ya kuanza, tarehe ya kuacha na asilimia ya kazi. Asipoviona anaandika sifuri na kuendelea na faili la mtu mwingine.

## Kwanza elewa jedwali lao

Mishahara ya walimu Marekani haipangwi Washington. Jimbo lina sheria zake, na mwajiri ni wilaya ya shule. Usiichanganye na wilaya tunayoijua sisi, kama Rungwe au Mufindi. Ya kwao ni taasisi ya kuendesha shule tu, yenye bodi na bajeti yake, na katika jimbo moja zinaweza kuwapo mamia. Katika mwongozo huu nikisema "wilaya ya shule" namaanisha ya kwao, na nikisema "halmashauri" namaanisha ya kwetu.

Karibu kila wilaya ya shule ina jedwali la mishahara lililo wazi kwa umma. Mistari inayoshuka ni miaka ya kazi; hiyo tuiite ngazi. Zinazokwenda kulia ni elimu: shahada ya kwanza, shahada pamoja na masomo ya ziada, uzamili, na kuendelea. Hizo tuziite safu. Mshahara wako ni pale ngazi na safu zinapokutana.

Tofauti na TGTS, yaani viwango vya mishahara ya walimu wa serikali Tanzania, ni kwamba kule hakuna kusubiri kupandishwa daraja. Kwa kawaida ukianza ngazi ya 0, mwakani uko 1, mwaka unaofuata 2. Kwa hiyo aliyeanza chini kwa makosa anabaki nyuma kila mwaka hadi aondoke. Tuseme kwa mfano pengo kati ya ngazi na ngazi ni dola 900, na ulistahili kuanza ngazi ya 6. Unapoteza dola 5,400 mwaka wa kwanza, na pengo hilo linakufuata.

Sasa, je, miaka ya nje inahesabiwa? Inategemea mahali. Kuna wilaya zinazohesabu yote, kuna zinazoweka kikomo, na kuna zinazokataa ya nje kabisa. Ndiyo maana jibu la binamu yako aliye Maryland halikusaidii wewe uliye Texas.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na barua zote za kupandishwa daraja na za uhamisho.
- Cheki namba yako na slipu za mshahara, angalau moja ya mwanzo na moja ya mwisho kwa kila kituo.
- Vyeti vya kidato cha nne na cha sita, cheti cha ualimu au shahada, pamoja na hati ya matokeo ya chuo.
- Pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Kama majina yanatofautiana, hati ya kiapo au ya kubadili jina.
- Kwa aliyefundisha shule binafsi: mkataba, namba ya usajili wa shule, na kumbukumbu za michango ya NSSF.
- Mtu mmoja anayeaminika huku, mwenye muda wa kukaa kwenye benchi la masijala.

Hilo la mwisho si utani. Ukiwa Houston huwezi kufuatilia jalada lililoko juu ya meza ya mtu Vwawa.

## Hatua ya 1: Soma jedwali na kanuni kabla ya kusaini

Tafuta jedwali la wilaya ya shule iliyokupa kazi, kisha kanuni ya kuhesabu uzoefu wa nje. Usipoiona, waandikie watu wa HR maswali manne: Je, mnahesabu miaka iliyofundishwa nje ya Marekani? Kikomo ni miaka mingapi? Mnahesabu shule za serikali tu au na binafsi? Mwisho wa kuleta uthibitisho ni lini?

Waandikie kwa barua pepe, usipige simu. Jibu la maandishi ndilo utakaloshika siku ya kudai.

Majimbo mawili yanaonyesha jinsi mambo yanavyotofautiana. North Carolina jedwali la msingi ni la jimbo, na kaunti huongeza nyongeza yake juu. Miaka ya uzoefu huingizwa kwenye leseni yenyewe kupitia idara ya elimu ya jimbo, kwa Fomu E. Kumpelekea mkuu wa shule barua peke yake hakutoshi. Tena kule shahada ya uzamili haimpandishii mshahara kila mtu: sheria ya 2013 iliondoa nyongeza hiyo kwa walimu wengi. Usikimbilie kulipia tathmini ya uzamili ukidhani hela iko hapo.

Texas, jimbo linaweka kiwango cha chini cha mshahara kwa mwalimu wa miaka 0 hadi 20, na wilaya nyingi hulipa zaidi ya hapo. Kila mwalimu ana kumbukumbu rasmi ya utumishi inayomfuata akihama. Mwaka unahesabiwa kwa siku: mwalimu wa muda wote aliyefanya kazi angalau siku 90 katika mwaka wa shule anapata mwaka mzima. Aliyeanza kazi Mbozi mwezi wa Aprili akadhani mwaka ule umekufa, asikate tamaa mapema.

Umefaulu ukiona: unayo barua pepe inayotaja kikomo cha miaka na tarehe ya mwisho.

## Hatua ya 2: Omba fomu yao, usitunge yako

Wilaya nyingi au majimbo yana fomu maalumu ya kuthibitisha uzoefu. Iombe kabla hujamsumbua mtu yeyote huku. Sababu ni rahisi: ukipata barua ya mkurugenzi kisha ukaambiwa kuna fomu, utamrudisha mtu masijala mara ya pili, na mara ya pili milango huwa mizito.

Ijaze mwenyewe kwa penseli kwanza, kama mfano, kila kisanduku. Afisa atakayesaini hajawahi kuiona fomu ya namna hiyo. Akiona mfano atanakili. Akiona karatasi tupu ya Kiingereza ataiweka pembeni "ashauriane na mwenzake".

Sehemu ya saini usiiguse kabisa. Fomu iliyojazwa na kusainiwa kwa mwandiko wako inanuka kughushi, na kule kughushi kunaweza kukufutia leseni ya kufundisha.

## Hatua ya 3: Andika mstari wa utumishi wako

Chukua karatasi, andika kila kituo: shule, halmashauri, tarehe ya kuripoti, tarehe ya kuondoka, madarasa na masomo. Kisha linganisha na barua zako. Hapa ndipo kwetu kuna mtego ambao walimu wa mikoa mingine wengi hawana.

Mipaka yetu imehama. Mkoa wa Njombe ulikatwa kutoka Iringa mwaka 2012. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukachukua Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Mwalimu aliyeajiriwa Mbozi mwaka 2010 ana barua inayosema mkoa wa Mbeya, na barua ya 2018 ya shule ile ile inayosema Songwe. Busokelo nayo ilizaliwa kutoka Rungwe. Karani wa kule anaona mikoa miwili, halmashauri mbili, anahesabu waajiri wawili, na akikosa uthibitisho wa mmoja anafuta miaka yake.

Ofisi pia zimebadilika jina. Barua za zamani zimetoka Idara ya Utumishi wa Walimu, TSD. Za baada ya 2016 zimetoka Tume ya Utumishi wa Walimu, TSC. Vyuo navyo vivyo hivyo: aliyesoma Mkwawa hati yake inasema Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu Mkwawa ni chuo kishiriki chake.

Dawa yake ni aya moja ya maelezo ndani ya barua rasmi, isiwe kwenye karatasi uliyoandika mwenyewe: "Shule hii ilikuwa Mkoa wa Mbeya hadi 2016, sasa iko Mkoa wa Songwe. Mwajiri hakubadilika." Sentensi hizi mbili zinaokoa miaka mingi.

Weka wazi pia miaka isiyohesabika. Mafunzo kwa vitendo ukiwa chuoni si uzoefu. Kujitolea bila mkataba kwa kawaida hakukubaliki, na tuisheni ya jioni Mwanjelwa usiitaje. Kama ulikwenda masomoni kwa ruhusa ya mwajiri, kipindi kile andika hivyo hivyo. Ukikificha na hati ya chuo ikaonyesha tarehe zile zile, wataanza kutilia shaka na mengine.

## Hatua ya 4: Pata barua ya mwajiri (hapa ndipo wengi wanaanguka)

Kwa mwalimu wa serikali, mwajiri ni halmashauri. Barua ya mkuu wa shule ni nyongeza nzuri, lakini mwenye jalada lako binafsi ni mkurugenzi. Ukihamishwa, jalada hukufuata, hivyo halmashauri ya mwisho ndiyo ya kuanzia: inaweza kuthibitisha hata miaka ya vituo vya nyuma. Ikikosa karatasi, TSC ya wilaya ina kumbukumbu za ajira, kuthibitishwa na kupanda daraja.

Utaratibu unaokwenda vizuri ni huu. Andika barua ya maombi kwa mkurugenzi, ipitie kwa mkuu wa shule wa mwisho na kwa afisa elimu. Ambatisha fomu, mfano uliojaza kwa penseli, mstari wa utumishi, na nakala za barua zako zikiwa zimepangwa kwa tarehe. Mtu wako aipeleke masijala kwa mkono, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala, na aandike jina la aliyepokea. Akirudi wiki inayofuata, asiulize "imefikia wapi?" Aseme, "Shikamoo mama, nimefuatilia barua ya tarehe 4, hii hapa nakala yake." Mwenye nakala yenye muhuri hazungushwi kirahisi.

Msitoe hela kwa mtu wa pembeni anayesema anaweza "kuharakisha". Barua iliyotoka nje ya masijala haina kumbukumbu namba, na siku HR ikiandika kuuliza, ofisi itasema haiijui.

Barua iwe ya Kiingereza, kwenye karatasi yenye nembo, na ibebe haya yote:

- Majina yako kamili kama yalivyo kwenye pasipoti, na jina jingine kama lipo kwenye vyeti.
- Cheo chako, masomo na madarasa uliyofundisha. "Mwalimu" peke yake haitoshi. Waandike msingi au sekondari, Fizikia au Kiswahili.
- Tarehe ya kuanza na ya kuacha kwa kila shule.
- Kwamba ulikuwa mwajiriwa wa muda wote, asilimia 100, mwenye kulipwa mshahara.
- Vipindi vya kutokuwa kazini: likizo bila malipo, ruhusa ya masomo.
- Kwamba shule ni ya serikali, au, kama ni binafsi, imesajiliwa, pamoja na namba ya usajili.
- Kwamba ulikuwa na sifa za ualimu wakati huo wote, na ni zipi.
- Jina, cheo, saini, muhuri, simu na barua pepe ya ofisi.

Kuhusu tarehe nasisitiza. Miezi iandikwe kwa maneno. Sisi tukiandika 03/07/2015 tunamaanisha Julai. Wao wanasoma Machi. Nimeona barua halali kabisa ikionyesha mwalimu aliacha shule ya kwanza baada ya kuanza ya pili, kwa sababu ya mpangilio huo tu.

Jambo jingine ni mwaka wa shule. Wetu unaanza Januari. Wao wanaanza Agosti au Septemba na kumaliza Mei au Juni. Ukiandika "2014 hadi 2019" hawajui wakate wapi. Ukiandika siku na mwezi wanagawa wenyewe. Fomu ikiuliza idadi ya siku za kazi kwa mwaka, ofisi iandike siku za kalenda ya masomo ya Tanzania kwa mwaka husika.

Kama ofisi imesisitiza kuandika kwa Kiswahili, usigombane nao. Chukua barua, ipeleke BAKITA ikatafsiriwe na kuthibitishwa. Tafsiri ya rafiki yako, hata kama Kiingereza chake ni cha kusifiwa, haipokelewi.

Kwa waliofundisha shule binafsi. Fanyeni haya mapema zaidi, maana shule binafsi hufungwa, huuzwa na kubadili jina. Kama shule imekufa, nenda kwa mmiliki au taasisi iliyokuwa ikiiendesha. Za dayosisi mara nyingi zina ofisi ya elimu yenye kumbukumbu. Michango ya NSSF ikionyesha mwajiri na miezi ni ushahidi wa pili wenye nguvu, kwa sababu haukutoka kwako.

Umefaulu ukiona: mtu asiyekujua anaweza kuisoma barua na kutaja miezi uliyofanya kazi bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 5: Tathmini ya vyeti

Barua inakupa ngazi. Safu inatokana na vyeti, na kule hawasomi vyeti vyetu moja kwa moja. Vinapitia kampuni ya tathmini, kwa kawaida iliyo mwanachama wa NACES (umoja wa kampuni za kutathmini vyeti huko Marekani), kama WES au ECE. Wilaya au jimbo litakuambia wanaokubalika. Fuata orodha yao.

Chagua tathmini ya somo kwa somo. Ile ya bei nafuu inayotaja shahada tu mara nyingi haitoshi kwa leseni ya ualimu, na utalipia tena.

Shahada yetu ya ualimu ni ya miaka mitatu, yao ni minne. Kwa hiyo usiache cheti cha kidato cha sita nyumbani ukidhani ni cha kitoto. Ndicho kinachoonyesha kwamba ulisoma miaka miwili zaidi kabla ya chuo. Mwenye stashahada ajue kwamba vyeti vingi vya vyuo vya ualimu, kama Mpuguso au Kleruu, vimetolewa na NECTA, hivyo uthibitisho unaombwa huko na si chuoni.

Hati ya matokeo kwa kawaida hutumwa na chuo moja kwa moja kwa kampuni ya tathmini, ikiwa kwenye bahasha iliyofungwa na kugongwa muhuri juu ya gundi, au kwa mtandao. Bahasha ikifunguliwa njiani imeharibika, hata kama ni wewe uliyeifungua kwa kutaka kuhakikisha jina.

## Hatua ya 6: Tuma kwa njia inayoaminika

Bora zaidi ni ofisi ya halmashauri kutuma barua iliyoskaniwa kwa HR kutoka barua pepe ya ofisi, ile inayoishia .go.tz. Ikitoka kwenye Gmail ya afisa, wengi wataitilia shaka. Nakala halisi ifuate kwa EMS kutoka Posta au kampuni ya kusafirisha vifurushi, na namba ya ufuatiliaji uitunze.

Wakati huo huo wape HR taarifa: barua itatoka kwa nani, kutoka anwani gani. Barua pepe nyingi zetu huishia kwenye kapu la taka kwa sababu tu hawakuwa wakizitarajia. Na waeleze tofauti ya saa. Akipiga simu saa nane mchana kule, Mbeya ni usiku, hapokelewi, anaandika "haikuthibitishwa".

## Hatua ya 7: Kagua ngazi, na dai usipoiona

Mkataba wa kwanza mara nyingi huonyesha ngazi ya chini kwa muda, hadi karatasi zifike. Hilo si tatizo, ilimradi uwe umepata maandishi kwamba itarekebishwa. Tatizo ni kunyamaza. Wilaya nyingi huweka siku maalumu za kuwasilisha uthibitisho tangu uajiriwe, na ukichelewa hawalipi malimbikizo ya nyuma hata kama haki ni yako.

Stabu (slipu ya mshahara ya kule) ya kwanza ikitoka, gawanya mwenyewe: mshahara wa mwaka kwenye jedwali kwa idadi ya malipo. Isipolingana, andika siku hiyo hiyo. Taja kanuni waliyokujibu kwenye hatua ya 1, ambatisha barua, na uulize ni mwaka upi haukuhesabiwa na kwa sababu gani. "Miaka yangu haijahesabiwa" itajibiwa kwa pole. "Kipindi cha 12 Januari 2013 hadi 30 Juni 2016 hakimo" lazima kitafutwe.

Wakikataa, uliza utaratibu wa rufaa, na kama kuna chama cha walimu chenye mkataba na wilaya, mwone mwakilishi wake shuleni. Rufaa nyingi zinazoshinda hazina hoja mpya. Zina karatasi moja iliyokosekana, mara nyingi neno "muda wote" au namba ya usajili. Kuwa tayari kuiomba tena huku.

Kwa sababu hiyo mwombe mkurugenzi asaini nakala halisi tatu tangu mwanzo: moja ya HR, moja ya jimbo, moja ya kwako. Ukihamia wilaya nyingine miaka minne baadaye watataka kuiona upya, na mkurugenzi aliyesaini atakuwa amekwisha kuhamishwa.